Mama Kumi na Nane

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, tena zuri, ila mtaani lilishakufa. Watu walimwita Mama Kumi na Nane. Ukitaka kujua kwa nini, ungeenda kusimama dakika tano tu kwenye duka la kubeti alikofanya kazi, kati ya kinyozi na fundi baiskeli, ukamsikia. "Kitambulisho!" Basi. Salamu baadaye. Uwe na mvi mpaka kwenye nyusi, uwe umekula chumvi nyingi kuliko mwenye duka, utaulizwa kitambulisho, na usipokuwa nacho utarudi ulikotoka. Mzee mmoja, mstaafu wa posta, alimwambia, "Binti yangu, mimi nina wajukuu saba." Akajibiwa, "Hongera, baba. Kitambulisho."

Alikaa nyuma ya dirisha la nondo lenye tundu la kupitishia mkono, kwenye kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka. Aliuza tiketi za bahati nasibu na kupokea mikeka ya mpira, zile karatasi ambazo mtu anatabiri timu kumi, tisa zinashinda, ya kumi inamtia umaskini. Mbele yake kulikuwa na viti vya plastiki, televisheni nne ukutani, na kalamu iliyofungwa kwa kamba kwa sababu hata kalamu mle ndani ilikuwa ikiibwa. Kwenye kioo kulikuwa na tangazo jekundu: chini ya miaka kumi na minane haruhusiwi. Kwenye maduka mengine ya aina ile tangazo hilo lilikuwa pambo. Yeye alilishika kama amri kumi.

Na vijana walimjaribu, wee! Kuna mmoja alijichora masharubu kwa mkaa siku ya joto. Alipofika dirishani masharubu yalikuwa yameshuka kidevuni, na mlinzi wa mlangoni, jitu la miraba minne waliloliita Kamanda, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Wengine walikuja na vitambulisho vya kaka zao. Hao aliwauliza swali moja tu, "Ulimaliza shule ya msingi mwaka gani?" Mwaka wa kuzaliwa wa kaka yako unaweza kuukariri. Wa kumaliza shule ya msingi, hapo macho yanaanza kutafuta jibu darini.

Wabaya zaidi walikuwa wazazi. Sisi ni watu wa kutuma watoto. Mtoto anatumwa unga, anatumwa sabuni, anatumwa hadi sigara. Basi baba anaandika namba zake za bahati kwenye kipande cha karatasi, anampa mtoto wa darasa la tano hela mkononi, anamwambia kimbia. Mtoto anafika dirishani kidevu hakifiki kwenye tundu. "Baba kanituma." "Mwambie baba aje na miguu yake." Na baba alikuja, mishipa imemtoka shingoni: wewe nani umkatalie mwanangu? Mama Kumi na Nane alimjibu bila kuinua sauti kwamba unga hauulizi umri, tiketi inauliza.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mwanamke mwenye kodi ya vyumba viwili na mume dereva wa malori aliyeaga kwa safari ya wiki mbili, na huu ulikuwa mwaka wa tisa. Kazi aliihitaji, na wakaguzi wa bodi ya michezo ya kubahatisha walikuwa na tabia ya kuja wamejifanya wateja. Lakini pia aliamini kweli. Alikuwa akimwambia Kamanda kuwa kichwa cha mtoto ni saruji mbichi, ukikikanyaga leo alama inabaki. Akishafika kumi na minane saruji imekauka, apigwe na mvua anavyotaka.

Mwenyewe alikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa. Tangu akiwa na miaka minane alikuwa akiwafanyia hesabu wenye maduka. Sasa alikuwa na kumi na sita na ushee, yuko sekondari ya kutwa, na ada yake ililipwa na mfuko wa wafadhili waliosaidia watoto wenye vichwa vyepesi na wazazi wenye mifuko mitupu. Wafadhili wale hawakuwa na mchezo. Mwenzake Profesa alikutwa na sigara moja tu chooni, akafutwa wiki ile ile, na leo anauza maji ya chupa barabarani. Mama alikuwa akilijua hilo kila alipoamka. Binti amalize shule, apate chuo. Kitu kingine duniani hakutaka.

Jioni walikula pamoja, na mama alileta habari za dukani kama wengine wanavyoleta mboga. Leo fundi bomba kaliwa mshahara wote. Leo kuna mjinga kauza redio akaja kuweka timu moja. Alimweleza namna michezo inavyokwenda, nani anashinda, kwa nini wengi wanaliwa, na wote wawili waliwacheka wajinga wale mpaka chakula kikapoa. Alijua anamfundisha binti kuogopa.

Binti alipofika miaka kumi na minne alihitaji simu kwa ajili ya masomo. Laini haisajiliwi kwa mtoto, hilo kila mtu anajua, na kila mzazi anafanya lile lile: anakwenda na kitambulisho chake, anaweka kidole gumba kwenye kile kimashine, laini inatoka kwa jina la mzazi, mtoto anaondoka nayo. Nani asiyefanya? Wewe unayesikiliza hapo umefanya. Yeye aliyewashushua vijana kwa vitambulisho vya kaka zao, hata sekunde moja hakufikiri kwamba amemwazima binti yake umri.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Msimamizi wa matawi, kijana wa tai ambaye wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, alimwita kwenye stoo ya nyuma yenye maboksi ya karatasi za mashine. Akamwambia, "Kaa, mama." Akakaa juu ya boksi.

Bosi Mdogo alieleza taratibu. Kampuni ilikuwa imeanza kulinganisha vitambulisho vya wafanyakazi na akaunti za wanaocheza kwa simu, maana mfanyakazi haruhusiwi kubeti. "Kuna akaunti ina miezi minane. Jina lako. Namba ya kitambulisho chako. Namba ya simu hii hapa." Akamsomea.

Aliifahamu kabla hajafika katikati. Bosi Mdogo akageuza karatasi, akawa anasoma saa ambazo akaunti ilichezwa: saa saba na dakika kumi mchana, saa saba na dakika kumi na mbili, saa saba na robo. Kila siku ya wiki isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Saa saba ni saa ya chakula shuleni kwa Profesa.

Bosi Mdogo akasema, "Lakini mama, saa saba wewe uko dirishani. Kamera inakuonyesha, mikono yote miwili kwenye mashine. Ulikuwa unacheza kwa miguu?"

Mama akaitazama miguu yake.

Kijana hakuwa mbaya. Alisogeza boksi lake karibu. "Kama kuna mtu katumia laini yako, sema. Ila nikuambie na kinachofuata, usije ukasema nilikuficha. Akiwa mtu mzima, ni mambo ya kwenu. Akiwa mtoto, sheria inanilazimisha kupeleka taarifa bodi. Bodi itamwita, itaiandikia shule yake, na wewe utajibu kwa nini kacheza kwa jina lako. Halafu..."

Baada ya neno shule hakusikia kitu.

"Ni mimi," alisema.

"Mama."

"Nimesema ni mimi. Andika."

Bosi Mdogo akatoa barua. Mfanyakazi aliyebeti anaachishwa kazi siku hiyo hiyo, na jina lake linaingia kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kukanyaga tawi lolote la kampuni, si kama mfanyakazi, si kama mteja. Akasaini bila kusoma ukurasa wa pili. Saa nne kasoro robo alikuwa nje, na Kamanda amembebea mto wake wa kukalia, anaona aibu mpaka hajui aushike vipi.

Habari zilimtangulia nyumbani. Jamani, watu! Mama Kumi na Nane kumbe naye anabeti! Nyani haoni kundule! Yule baba wa mtoto wa darasa la tano alitoka hadi barabarani ili tu apate kumcheka ana kwa ana. Kinyozi, ambaye alikuwa akimkopesha chumvi na maneno mazuri, aligeuza kiti cha mteja wake upande wa pili. Akapita. Angeweza kuwafunga midomo wote kwa sentensi moja, na sentensi hiyo alikuwa ameimeza.

Profesa alirudi saa kumi jioni. Alimkuta mama amekaa kitandani na viatu vya kazi.

"Shikamoo mama. Mbona mapema?"

"Marahaba. Saa saba mchana huko shuleni mnafanya nini?"

"Tunakula."

"Na wewe unakula?"

Binti akaipandisha sketi kiunoni. Hapo ndipo mama alipomwona, namaanisha alipomtazama kweli: mifupa ya mabega imechomoza, sketi imekunjwa kiunoni mara mbili na kubanwa na pini. Alikuwa akisema mwenyewe kwa majirani, "Huyu anarefuka tu, haonekani kunenepa." Hela ya chakula ya miezi minane ilikuwa ikiingia kwenye simu.

"Nimefukuzwa kazi," alisema mama. "Wameiona akaunti. Nikasema ni yangu."

Macho ya Profesa yalijaa machozi. Mama akafungua mikono, maana uchungu wa mwana unatangulia hasira, akiamini kwamba mtoto ameelewa na sasa atalia, watalia wote, yatakwisha.

"Wameifunga?" Profesa aliuliza.

"Nini?"

"Akaunti, mama. Wameifunga? Mle ndani kulikuwa na hela. Nilitaka kuzitoa Ijumaa."

Mama alishusha mikono, akaiweka mapajani. Baadaye alijilaumu kwa nini hakumzaba kofi, lakini wakati ule hata nguvu ya kofi hakuwa nayo.

Binti alieleza, na kwa kadiri alivyoeleza ndivyo uso wake ulivyochangamka, na hilo ndilo lililomtisha mama kuliko yote. Ulikuwa mchezo wa puto. Puto linavimba kwenye simu, hela inapanda nalo, unatakiwa uchukue chako kabla halijapasuka. Alikuwa na daftari la hesabu, la mirabaraba, ameandika kwa mwandiko safi kila puto lilipopasukia. Mama alilijua daftari lile. Jioni nyingi alikuwa amepunguza redio ili mtoto asome kwa utulivu.

"Ni hesabu tu, mama. Nilikuwa karibu kuigundua."

"Nimekaa pale miaka sita. Kila mtu yuko karibu."

"Hao wajinga. Si wewe mwenyewe ulikuwa unasema wanaoliwa ni wajinga? Mimi si mjinga."

Mama alichukua simu, akatoa laini, akaikata kwa mkasi wa kucha vipande vitatu. Profesa alipiga kelele kama aliyekatwa yeye.

Miezi iliyofuata mama alifua nguo za watu. Majumba manne, wakati mwingine matano, vidole vikababuka kwa sabuni, mgongo ukaanza kulia kila alfajiri. Binti alipewa kisimu cha kupiga na kupokea tu, na chakula cha mchana cha kubeba kwenye kopo, na jioni mama alilinusa kopo ahakikishe kimeliwa. Mwanzoni Profesa hakulala vizuri, alinuna, aliongea na ukuta. Kisha siku moja alikuja kupiga magoti kando ya beseni la nguo, akaomba msamaha, machozi ya kweli, kamasi na kila kitu. Akashika kufuli la mlango akaapa kwamba mchezo ule ameufungia. Na kweli alibadilika, au mama aliona hivyo. Akasoma. Mtihani wa mwisho akafaulu kwa alama ambazo mwalimu mkuu alizisoma mara mbili, na chuo kikampokea kusomea uhasibu.

Muda wote huo mama alikuwa akihesabu. Miezi kumi na minne kufika kumi na minane. Kumi. Sita. Hakuwa na sababu yoyote ya maana ya kuamini kwamba siku ile ikifika hatari itakuwa imepita. Lakini ukitamka namba moja kila siku kwa miaka sita, ukiwazuia nayo watoto wa watu mlangoni, unaishia kuiona kama chanjo. Akishafika, amevuka. Siku ya kuzaliwa ilipofika walikwenda pamoja kuchukua kitambulisho. Profesa alitoka kwenye picha amefumba jicho moja, wakacheka njia nzima, na mama alilala usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Jumanne ile.

Siku tisa baadaye alimpa binti hela ya kujiandikishia chuo, iliyofungwa kwenye bahasha. Zilikuwa nguo za mwaka mzima ndani ya ile bahasha, ukitaka kujua. Akamwambia aende benki asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Yeye akajitwisha furushi la mashuka ya watu akashika njia yake, na njia yake ilipita mbele ya duka la kubeti. Kwa kawaida alipita upande wa pili wa barabara. Siku hiyo Kamanda alimwita, tena kwa furaha.

"Mama! Hongera bwana! Profesa amekuwa mtu mzima."

"Umemwona wapi?"

"Si yumo ndani. Kaja na kitambulisho kipya, hata hakijakwaruzika. Yule binti wa dirishani kakikagua mbele na nyuma, kama ulivyokuwa ukifanya wewe."

Furushi lilianguka mlangoni. Kamanda alinyoosha mkono kumzuia, akachelewa.

Profesa alikuwa dirishani, bahasha iko wazi juu ya kibao. Alikuwa ameomba tiketi za bahati nasibu, na alikuwa na karatasi pembeni yenye namba zilizopangwa kwa safu, mwandiko safi. Mama alimpita akaushika ukingo wa tundu.

"Usimuuzie huyu."

Karani mpya alikuwa msichana mpole, ana kalamu nyuma ya sikio. "Kwa nini, mama?"

"Ni mtoto."

"Hapana, mama. Nimekiona kitambulisho. Ametimiza."

Watu kwenye viti vya plastiki waligeuka. Mmoja akamtambua. "Aa! Mama Kumi na Nane! Umerudi kubeti?" Kicheko kikazunguka chumba. Na hapo, mbele ya wote, mama alitoa kile alichokuwa amekimeza mwaka mzima na zaidi. Alisema hakuwahi kuweka hata senti moja. Alisema aliyecheza ni huyu, huyu hapa, tangu ana miaka kumi na sita, na yeye akabeba ili asifukuzwe shule.

Walicheka zaidi. Mle ndani hakuna asiye na mtu wa kumsingizia. Wa kwanza mke, wa pili shetani, na huyu sasa anamsingizia mwanawe mwenyewe, jamani, mtoto aliyefaulu!

"Mwanangu, waambie," alisema mama.

Profesa aliangalia safu zake za namba. Akaisogeza bahasha karibu na tundu.

Karani alikuwa ameinama kuangalia karatasi iliyobandikwa chini ya kaunta, kidole kikishuka kwenye majina. Akainua uso, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Mama, samahani. Wewe ndiye huruhusiwi kuwemo humu. Huyu dada anaruhusiwa." Kisha akamwita mlinzi.

Kamanda alikuja taratibu. Alimshika kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa. "Twende, mama. Usinipotezee kazi, nina wanne nyumbani." Naye alikwenda, kwa sababu alijua kukosa kazi kukoje.

Walipofika mlangoni Profesa aligeuka. "Mama, tangulia nyumbani," alisema kwa upole. "Nakuja sasa hivi."

Nje Kamanda alimsaidia kukusanya mashuka, mengine yalikuwa yameshika vumbi na ingebidi yafuliwe tena. Mama alikaa kwenye ngazi. Mlango ulikuwa wazi, na mashine ya tiketi ilianza kuchapa. Aliijua sauti ile vizuri, alijua kila tiketi inapokatwa. Alihesabu mpaka kumi na mbili, na mashine ilikuwa ikiendelea.